Mhandisi wa data anapohamia sekta ya afya: kabla ya kusafisha takwimu, ujue zilikozaliwa

Swali: Mimi ni mhandisi wa data, ninaishi Nyegezi, Mwanza. Kwa miaka minne nimefanya kazi katika kampuni ya mikopo kwa njia ya simu, ambako nilijenga paiplaini (mifumo ya kuhamisha data kutoka chanzo hadi ghala) na ghala la data za wateja. Sasa nimepata nafasi ya kujiunga na timu ya uchambuzi wa takwimu za afya inayohudumia hospitali na halmashauri za Kanda ya Ziwa. SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye kanzidata, na Python, lugha ya kuandika programu, ninazijua vizuri, lakini sijawahi kusoma somo lolote la tiba. Je, kazi hii inatofautianaje na ile niliyoizoea, nianze kujifunza nini, na inafaa niache ajira yangu ya sasa kwa ajili yake?

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na lililo jepesi. Huhitaji kusomea udaktari, na SQL uliyoizoea kwenye mikopo itakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi ya kila siku. Kinachowashinda wahandisi wengi wanaohamia huku wakitokea benki na kampuni za simu ni tabia moja waliyoijenga huko walikotoka, yaani kuichukulia data kuwa kitu kilichokwisha kukamilika, ambacho kazi yao ni kukihamisha na kukisafisha tu. Kwenye kampuni yako, mteja anapolipa mkopo, muamala hujiandika katika sekunde ileile, na asipolipa, mfumo unajua kwamba hajalipa. Kwenye afya, takwimu nyingi huandikwa na binadamu, mara nyingi baada ya tukio lenyewe, huku foleni ya wagonjwa ikimsubiri mlangoni. Ushauri wangu wote unaofuata unatokana na hilo: usisafishe takwimu yoyote ya afya kabla ya kujua iliandikwa na nani, katika kitabu gani, lini na kwa sababu gani.

Chukua mfano wa idadi ya akina mama waliojifungua kwa mwezi mmoja katika zahanati iliyoko kwenye mojawapo ya visiwa vya Ukerewe. Mkunga humwandika kila mama katika rejesta ya wodi ya wazazi, ambayo katika MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ni kitabu namba 12, kama vile wagonjwa wa nje wanavyoandikwa katika kitabu namba 5. Mwezi unapoisha, yeye au mwenzake hupitia mstari mmoja mmoja, huchora vijistari kwenye fomu ya kuhesabia, hujumlisha, kisha huinakili jumla kwenye fomu ya muhtasari ambayo inatakiwa kufika halmashauri mapema mwezi unaofuata. Huko Nansio, makao makuu ya Ukerewe, mratibu wa MTUHA au karani wake huiingiza jumla hiyo katika DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na kuendelezwa hapa nchini kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wewe ukiwa umeketi mjini Mwanza ukaona 31 kwenye skrini, unatazama namba iliyokwisha kupita katika mikono kadhaa, na nyuma yake humwoni mama hata mmoja, kwa sababu taarifa za mwezi za DHIS2 hubeba jumla na hazibebi wagonjwa.

Hapo ndipo mtu wa mikopo anapoanza kuhangaika, kwa kuwa amezoea kushuka kutoka kwenye jumla hadi kwenye muamala kwa kubofya mara moja. Huku kushuka kunahitaji mtumbwi au kivuko, na ziwa likichafuka fomu nazo husubiri. Matokeo yake ni kwamba swali lilelile la SQL ukiliendesha tarehe 10 na tarehe 25 ya mwezi litakupa majibu mawili tofauti kuhusu mwezi uliopita, na yote mawili yakawa sahihi kwa siku yake. Usilichukulie jambo hili kuwa hitilafu ya kuzibwa. Hifadhi tarehe mbili kwa kila takwimu, yaani tarehe ya tukio na tarehe ya kuingizwa kwenye mfumo, na usiruhusu jumla mpya iifute ile ya zamani. Mganga Mkuu wa Mkoa akikuuliza kwa nini ripoti uliyompa wiki mbili zilizopita haifanani na ya leo, ni lazima uweze kumwonyesha zote mbili na vituo vilivyochelewa.

Kuna mtego mwingine katika njia hiyohiyo, nao ni sifuri. Zahanati ambayo haikupata mgonjwa yeyote wa kipindupindu mwezi huu, na zahanati ambayo haikuleta ripoti kabisa, ni vitu viwili vilivyo mbali kama Ukara na Kwimba, lakini katika jedwali lako vinaweza kuonekana sawasawa. DHIS2 yenyewe, isipoelekezwa vinginevyo kwa kipengele husika, haihifadhi sifuri, hivyo kituo kilichojaza 0 kwa uaminifu na kilichoacha wazi hutoka vyote vikiwa patupu. Mhandisi asiyejua hilo hujaza sifuri kila penye pengo, kwa nia njema kabisa, kisha dashibodi inaonyesha kisiwa kizima kikiwa salama kumbe hakijaripoti. Jenga jedwali la pembeni linalosema kituo gani kilileta fomu gani kwa mwezi gani, na uliunganishe na takwimu kabla hujahesabu chochote. Kwa maoni yangu jedwali hilo lina thamani kuliko dashibodi yoyote utakayoombwa kujenga.

Sasa nikupeleke karibu zaidi, kwenye saa ya kuzaliwa. Rejesta ya wodi ya wazazi ina safu ya muda wa kujifungua, na ndani yake utakuta imeandikwa 2:30, basi. Mkunga aliyeiandika alijua alichomaanisha. Wewe una uwezekano wa aina nne. Ikiwa aliandika kwa saa za Kiswahili, hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi au usiku, ambayo kompyuta inaijua kama 08:30 au 20:30. Ikiwa aliandika kwa saa za kizungu alizofundishwa chuoni, ni 02:30 au 14:30. Watumishi wawili wa wodi moja wanaweza kuwa na mazoea tofauti, na mmoja wao akabadilika pale mkaguzi anapotembelea. Kompyuta haitalalamika, itaipokea 02:30 na kuendelea. Kisha mchambuzi atatoa chati inayoonyesha kwamba watoto wengi hufariki saa fulani za usiku wa manane, na mkutano mzima utajadili uhaba wa watumishi wa zamu ya usiku, wakati sehemu ya vifo hivyo ilitokea asubuhi kweupe.

Tarehe nayo huyumba kwa sababu hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne huandikwa na baadhi ya watu kwenye tarehe ya Jumatatu, kwa kuwa zamu ilianza Jumatatu jioni na rejesta bado imefunguliwa ukurasa huo. Kwa takwimu ya mwezi hilo si kitu, isipokuwa usiku wa mwisho wa mwezi. Kwa kiashiria kama vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za mwanzo, ni kosa linaloweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Dawa yake haiko kwenye Python. Ufumbuzi ni kwenda wodini, kutazama mpangilio wa mistari ya jirani, kulinganisha na patografu, yaani chati ya mwenendo wa uchungu ambayo hujazwa uchungu unapoendelea, na kumuuliza mkunga mwenyewe anavyoandika. Katika kanzidata weka safu tatu: muda kama ulivyoandikwa, herufi kwa herufi, muda ulioutafsiri, na alama inayosema una uhakika kiasi gani na tafsiri hiyo. Anayeihifadhi tafsiri peke yake ameutupa ushahidi.

Baada ya saa yanakuja majina, na hapa Kanda ya Ziwa ina mambo yake. Kazi ya kutambua kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja ndiyo ngumu kuliko zote katika uhandisi wa data za afya, popote duniani, lakini vitabu vingi vinavyoifundisha vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo kila mtu ana jina la ukoo na namba ya utambulisho tangu utotoni. Kwetu, mtu mzima anaweza kuwa na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, lakini akija na homa kali haibebi. Namba ya simu ni ya mume, ya shemeji au ya laini iliyokwisha kupotea. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 ya mwaka uliokisiwa, na umri unapenda kuishia na 0 au 5. Linabaki jina, na jina lenyewe ni Ng'washi, ambaye dirisha la kwanza amemwandika Ngwashi, maabara wakamwandika Nghwashi, na mfumo wa dawa ukamkataa kabisa kwa sababu aliyeuandika hakutarajia ritifaa, yaani alama ya ', katikati ya jina la mtu. Ritifaa iliyochapwa kwenye simu nayo si herufi ileile na iliyochapwa kwenye kompyuta, ingawa kwa macho zinafanana. Unapolinganisha majina, ni sawa kuondoa ritifaa na kusawazisha tahajia katika safu ya pembeni ya kulinganishia, lakini jina lililohifadhiwa lisiguswe, na maswali yako ya SQL yaandikwe kwa vigezo, yaani jina lipitishwe kando na amri yenyewe, badala ya kuunganisha maneno, vinginevyo kina Ng'washi wote wataangukia nje ya ghala lako bila mtu kujua.

Tena kuna Kulwa na Doto. Kila Msukuma anajua kwamba hao ni mapacha, lakini algorithimu ya kuunganisha rekodi haijui. Inachokiona ni watoto wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, baba mmoja, kijiji kimoja, namba moja ya simu, wanaotofautiana kwa jina la kwanza tu, na mara nyingi hata hilo halijaandikwa bado, kwa kuwa wote wawili waliingizwa kama "mtoto wa Neema". Katika hospitali moja ya kanda hii, ambayo sina sababu ya kuitaja, niliitwa kutazama kwa nini watoto kadhaa walionekana wamepewa chanjo ileile mara mbili kwa siku moja. Wauguzi walikuwa wameshaandikiwa barua za kujieleza. Ukweli ulikuwa kwamba wauguzi hawakukosea kitu: mfumo ulikuwa umewaunganisha mapacha kila ulipowaona, ukampa mtoto mmoja dozi za wawili. Mhandisi aliyeandika kanuni ile alikuwa hodari kwa kazi yake, na kwenye orodha ya wateja wa benki ingefanya kazi vizuri sana. Kilichokosekana ni safu moja ya kueleza kama uzazi ulikuwa wa mtoto mmoja au zaidi, taarifa ambayo mkunga huwa anayo tangu dakika ya kwanza.

Kwa jambo hili kuna mfano wa kujivunia hapa hapa nyumbani. Kata ya Kisesa, wilayani Magu, imekuwa ikifuatiliwa na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tangu 1994, kaya kwa kaya, na wakazi wake wanaandikwa katika kanzidata ya utafiti. Watafiti walipotaka kuunganisha kumbukumbu hizo na rekodi za kliniki, mwaka 2015 walianza kufanya kazi hiyo kituoni, mgonjwa mwenyewe akiwa ameketi mbele yao: wanamuuliza majina yake yote, kijiji alichowahi kuishi na watu wa kaya yake, wanatafuta kwenye kompyuta hadi wampate, kwa ridhaa yake. Maswali machache kwa mtu aliye hai yalitatua mambo ambayo kanuni za kulinganisha majina peke yake zilishindwa kuyatatua. Ukipewa bajeti ya kununua programu ghali ya kutambua rekodi zinazojirudia, pendekeza kwanza sehemu ya fedha hiyo imwajiri mtu wa kukaa dirisha la mapokezi.

Maabara itakupa raha kidogo, kwa kuwa mashine huandika zenyewe, lakini usilegee. Sukari ya damu ya 5.5 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni sawa na takriban 99 kwa miligramu kwa desilita, na hospitali mbili zilizopata mashine kutoka kwa wafadhili tofauti zinaweza kukutumia vipimo hivyo viwili katika safu moja isiyo na jina la kipimo. Hilo hugundulika haraka. Lisilogundulika haraka ni majibu ambayo si namba. Kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI kwa mtu anayetumia dawa vizuri hurudi kikiwa kimeandikwa "<20", yaani chini ya 20, au kwa maneno kwamba virusi havikuonekana. Ukiilazimisha safu hiyo iwe ya namba, majibu hayo hugeuka NULL, yaani nafasi tupu, kisha yanaachwa nje ya hesabu. Yaani wagonjwa ambao virusi vyao vimefubaa kabisa ndio wanaotoweka, wanabaki wenye namba kubwa, na kliniki iliyofanya kazi nzuri kuliko zote inaonekana imeshindwa. Kosa hilo halitoi ujumbe wowote wa hitilafu, na majaribio ya kawaida ya paiplaini hulipitisha. Utalikamata tu ikiwa una mazoea ya kuhesabu mistari iliyoingia na iliyotoka katika kila hatua na kuuliza kila mstari uliopotea umekwenda wapi.

Nimekaa muda mrefu kwenye vitu vidogo kwa makusudi, kwa sababu vikubwa utaelezwa na kila mtu. Kimoja kati ya vikubwa, hata hivyo, hakielezwi ipasavyo, nacho ni asili, yaani idadi ya watu unayoigawia. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 kwa sensa ya 2012, na 3,699,872 kwa sensa ya 2022. Katikati ya sensa mbili watu hutumia makadirio, na siku makadirio yanapobadilishwa na matokeo mapya, asilimia ya chanjo ya halmashauri inaweza kushuka au kupanda bila mtoto hata mmoja kuongezeka wala kupungua kliniki. Utakutana pia na asilimia zinazozidi 100, na utaombwa kwa upole uzikate zisomeke 100. Kataa kwa upole vilevile. Nyamagana ina Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, pamoja na Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, hivyo akina mama wanaojifungulia humo wanatoka Sengerema, Geita, Magu na kwingineko, lakini wanagawanywa kwa wakazi wa Nyamagana. Asilimia 100 na ushee inakuambia jambo la kweli kuhusu mwendo wa watu, na ukiikata umelifuta.

Mwendo huo haukai mahali pamoja. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kusubiri kivuko kwa wagonjwa wanaotoka upande wa Sengerema na Geita. Ukiona mabadiliko ya idadi ya rufaa kuanzia katikati ya mwaka huo, litafikirie daraja kabla ya kufikiria mlipuko wa ugonjwa. Mipaka ya utawala nayo inahama: mkoa wa Geita ulianzishwa 2012, na Wilaya ya Geita, ambayo leo ndiyo makao yake, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza, kwa hiyo mfululizo wa takwimu za "Mwanza" unaovuka mwaka huo unalinganisha maeneo mawili tofauti. Jedwali lako la vituo na maeneo lazima liwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa kila uhusiano wa kituo na halmashauri yake. Kwenye mikopo ungeweza kuishi bila hilo. Huku huwezi.

Ukiulizwa basi muundo wa mfumo uweje, jibu langu ni la kihafidhina. Tabaka la kwanza la ghala lihifadhi kila kitu kama kilivyopokelewa, pamoja na makosa yake, jina la chanzo na tarehe ya kupakiwa, na lisiandikwe juu yake kamwe. Usafi wote ufanyike katika tabaka la pili, kwa kanuni zilizoandikwa na kupewa toleo, ili mtu aweze kuuliza namba fulani ilitoka kwa kanuni ipi. Rekodi zilizoshindwa ukaguzi zisitupwe, ziwekwe kando na zirudishwe kituoni zikiwa na maelezo ambayo muuguzi anaweza kuyaelewa. Kurudisha huko ndiko kunakoachwa mara nyingi, na ndiko kunakoboresha takwimu za mwezi ujao. Mtumishi ambaye kwa miaka amejaza fomu bila kuona zinatumikaje hana sababu ya kuongeza umakini. Mwonyeshe chati ya kituo chake mwenyewe, atakuonyesha makosa ambayo usingeyagundua kamwe.

Kuhusu zana nitapita haraka. Kanzidata ya Postgres na Python zinatosha, na ujuzi wako wa kuratibu kazi za usiku utahitajika zaidi kwa sababu umeme na intaneti hukatika, hivyo kila hatua iweze kurudiwa bila kuzalisha rekodi mara mbili. Jifunze DHIS2 na namna ya kuvuta data kutoka kwake. Jifunze GoTHOMIS, mfumo wa uendeshaji wa hospitali unaotumika katika vituo vingi vya Serikali, kwa kuwa humo ndimo utakamokuta taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Soma misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, kwa magonjwa ya eneo lako kwanza: malaria iko B50 hadi B54, kichocho B65, selimundu D57. Toleo linalofuata, ICD-11, lilianza kutumika kimataifa Januari 2022, kwa hiyo tenga safu ya toleo la msimbo. Viwango vya kimataifa vya LOINC, kwa vipimo vya maabara, na FHIR, kwa kubadilishana taarifa, utavisoma kadiri utakavyovihitaji. Ukizoea data za madai ya bima, utajiona nyumbani, kwa kuwa zinafanana na miamala. Kumbuka tu kwamba ugonjwa ulioandikwa kwenye dai uliandikwa ili dai lilipwe, na si lazima uwe ndio uliomleta mgonjwa hospitali.

Neno juu ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na miamala ya fedha imo katika kundi hilohilo, kwa hiyo kisheria hutoki kwenye ulegevu kuingia kwenye ukali. Kinachobadilika ni ukubwa wa madhara. Kuondoa majina hakutoshi. Katika kisiwa chenye kaya chache, jedwali linalosema "mwanamke, miaka 40 hadi 44, ameanza dawa za kufubaza virusi mwezi Machi: 1" limemtaja mtu huyo kwa kila anayeishi pale, hata kama jina lake halimo. Weka kikomo ambacho chini yake idadi haionyeshwi, na ukiweke ndani ya mfumo wenyewe badala ya kumwachia mchambuzi akumbuke. Usikubali orodha za wagonjwa zipitishwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama anayeziomba ni daktari mwenye haraka ya kweli. Mtengenezee njia salama iliyo rahisi kama WhatsApp, kwa sababu akikosa atarudi kwenye WhatsApp.

Limebaki swali lako la mwisho, la kuacha ajira. Mwanza ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hii kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyodhani: kuna hospitali ya rufaa ya kanda na chuo kikuu chake cha afya pale Bugando, kuna taasisi za utafiti zenye data za miongo kadhaa, na umbali kutoka mezani kwako hadi kwenye rejesta ni safari ya daladala au ya kivuko. Tatizo ni chanzo cha mishahara. Nafasi nyingi za namna hii zimelipwa na miradi ya wafadhili, na Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi ajira za watu wa takwimu, hasa upande wa UKIMWI, zilivyo dhaifu. Kwa hiyo kabla ya kusaini ningeuliza mambo matatu. La kwanza, mshahara unatoka katika bajeti ya nani na mkataba wa fedha hiyo unaisha lini. La pili, siku mradi ukiisha, seva, kanuni za usafi na data vinabaki mikononi mwa nani, na nani amefundishwa kuviendesha. La tatu, je, nitaruhusiwa kutembelea vituo kwa gharama ya kazi, au nitatakiwa kukaa ofisini na kusafisha ninacholetewa. Jibu la kwanza likiwa baya, bado unaweza kukubali ukiwa na akiba. Jibu la tatu likiwa hapana, utafanya kazi gizani, lakini unaweza kulipigania ukishaingia. La pili mwajiri asipoweza kulijibu kwa maandishi, ningebaki kwenye mikopo hadi atakapoweza.